Wakala asiyekagua vyeti ndiye wa kuogopwa

Jumatano jioni mama mmoja wa Morogoro alikuwa anapanga mayai kwenye trei, tayari kwa wateja wa asubuhi, binti yake alipoingia na simu mkononi.

"Mama, nimepata kazi. Uingereza, hospitali."

Mama aliliweka chini yai alilokuwa ameshika. Binti huyo ni muuguzi mwenye stashahada. Alimaliza chuo miaka miwili iliyopita, ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na kwa miezi minane alikuwa anajitolea katika kituo cha afya kwa posho isiyofika hata nauli ya mwezi. Ujumbe wa kazi uliletwa na mjomba wake, ambaye naye aliuokota kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Wakala alitaka vitu vitatu: picha za vyeti, picha ya pasipoti na shilingi milioni 4 kabla ya Jumatatu. Hakukuwa na usaili wala swali lolote kuhusu kazi ya uuguzi. Barua ya pongezi ilikuwa imeshatumwa, ina nembo na muhuri mwekundu.

Milioni 4 si fedha ya kukosekana kabisa. Kiwanja cha Kihonda, alichokiacha marehemu baba, kilikuwa na mnunuzi anayekisubiri tangu mwaka jana.

"Kuna jambo moja tu," binti akaendelea. "Wanataka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Yule kaka wa ofisini kasema nisiwe na wasiwasi, barua wataandika wenyewe, na muhuri wanao."

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na mganga mfawidhi wenu, wakimpigia simu kutoka huko, atasema umekaa naye miaka mitatu?"

"Kwani watampigia kweli, mama?"

Hilo ndilo swali ambalo kila mzazi mwenye kijana anayetafuta kazi nje anapaswa kulijua jibu lake. Kama kazi ni ya kweli, watauliza. Kama ni ya utapeli, hakuna atakayeuliza chochote, kwa sababu tapeli hana haja ya muuguzi. Ana haja ya milioni 4.

Kwa nini wanakagua

Hospitali za nje hazikagui vyeti kwa kuwadharau Waafrika. Muuguzi anapima dozi, anachoma sindano, anasoma mapigo ya moyo ya mtoto aliye tumboni. Asiyejua kazi hiyo anaweza kuua mtu usiku mmoja, na mwenye kuumia ni mgonjwa aliyelala kitandani asijue aliyemhudumia ana cheti cha wapi.

Hofu hiyo ina sababu. Januari 2023 Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 waliohusishwa na biashara ya vyeti bandia vya uuguzi katika jimbo la Florida. Vyeti zaidi ya 7,600 vilikuwa vimeuzwa kupitia vyuo vitatu. Mwaka huohuo, Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza (NMC) lilieleza kwamba matokeo ya mtihani wa kompyuta kutoka kituo kimoja cha Ibadan, Nigeria, hayakuwa ya kawaida, kwani baadhi ya watahiniwa walimaliza kwa kasi ya kutia shaka. Wauguzi na wakunga zaidi ya 500 waliokuwa wameshasajiliwa waliguswa, pamoja na wengine wapatao 1,400 waliokuwa bado wanaomba. Wakatakiwa kurudia mtihani, hata wale waliokuwa wamefanya wa kwanza kwa haki.

Watanzania nao wanakumbuka Aprili 2017, ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ilipokabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma ikiwa na majina ya watu 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Wapo waliokuwa wamefanya kazi miaka mingi. Siku moja mshahara ukakatika.

Uhakiki unavyofanyika

Wazazi wengi hudhani uhakiki ni mtu kukaa ofisini akikodolea macho muhuri kwenye karatasi. Siku hizi karatasi yenyewe haiaminiwi sana. Kinachoaminiwa ni jibu la yule aliyeitoa.

Muuguzi anayeomba kusajiliwa Uingereza, taarifa za usajili wake hutakiwa kutoka kwa baraza la nchi yake moja kwa moja, bila kupitia mkononi mwake. Kwa nchi za Ghuba kama Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu, wataalamu wa afya hupitishwa kwenye uhakiki wa chanzo, kazi inayofanywa zaidi na kampuni ya DataFlow. Kampuni hiyo huuliza chuo kama kweli kilimpa mtu stashahada hiyo, huuliza baraza kuhusu leseni, na huuliza alipofanya kazi: alianza lini, aliacha lini, alikuwa na cheo gani.

Hapo ndipo barua ya miaka mitatu inapogeuka mtego. Binti ana stashahada ya kweli na leseni ya kweli. Miezi minane yake kituoni ni ya kweli pia. Karatasi moja ya uongo ikiwekwa juu ya hizo, faili lote linakuwa la mtu aliyedanganya. Na jina lililo kwenye faili ni la binti. Wakala hatatajwa popote.

Sheria za uhamiaji za Uingereza zinaruhusu mtu aliyetumia udanganyifu kwenye maombi ya viza kukataliwa kwa miaka 10. Muuguzi wa miaka 26 atafungiwa mpaka afikishe 36. Baraza la nyumbani nalo likijulishwa, anaweza kujikuta anajieleza mbele ya haohao waliompa leseni.

Jambo la Uingereza ambalo mawakala hawalisemi

Shirika la Afya Duniani (WHO) lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Orodha ya 2023 ina nchi 55 na Tanzania ni mojawapo. Mwongozo wa Serikali ya Uingereza kuhusu ajira za afya unawataka waajiri na mawakala wao wasiende kuwasaka wahudumu katika nchi hizo. Muuguzi wa Kitanzania anaweza kuomba kazi mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri. Lakini wakala anayezunguka kwenye makundi ya WhatsApp akiwakusanya wauguzi wa Morogoro kwa ajili ya hospitali ya Uingereza anafanya kile ambacho hospitali yenyewe imekatazwa.

Mwongozo huo pia unakataza mtafuta kazi kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, nao unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi. Gharama halali zipo: mtihani wa Kiingereza, ada ya usajili, pasipoti, viza. Hizo hulipwa kwa taasisi inayohusika na risiti hutolewa kwa jina la mwombaji. Haziingizwi kwenye namba ya simu ya mtu.

Kwa kazi za kuwatunza wazee na wagonjwa majumbani, jibu ni fupi zaidi. Tangu Julai 22, 2025, Uingereza imefunga maombi mapya ya viza kwa wahudumu wa aina hiyo wanaoajiriwa wakiwa nje ya nchi. Anayeuza nafasi hizo leo anauza kitu ambacho hakipo.

Kabla ya kutoa hata shilingi

Yako mambo ambayo mzazi anaweza kuyafanya akiwa na simu ya kawaida na siku mbili tatu za subira.

La kwanza ni kuuliza kibali cha wakala. Tanzania wakala binafsi wa ajira anatakiwa kuwa na kibali chini ya Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya 1999 na kanuni zake za 2014. Pa kuuliza ni TaESA, chombo cha Serikali cha huduma za ajira, au ofisi ya kazi ya mkoa. Jina la kampuni liulizwe kama lilivyoandikwa kwenye kibali, maana matapeli hupenda jina linalofanana na la kampuni halali, kwa tofauti ya neno moja. Picha ya kibali iliyotumwa kwa simu haitoshi.

La pili ni kumtafuta mwajiri bila kupitia kwa wakala. Serikali ya Uingereza huweka wazi mtandaoni orodha ya waajiri wenye leseni ya kuleta wafanyakazi kutoka nje. Hospitali isipokuwamo, haiwezi kutoa cheti cha udhamini wa kazi, na cheti hicho hakiuzwi. Ikiwamo, iandikiwe kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake yenyewe, iulizwe kama inamfahamu wakala huyo. Anwani iliyo kwenye barua ya pongezi isitumike, kwa kuwa atakayejibu ni aliyeiandika.

La tatu ni kuangalia kama kijana amesailiwa kweli. Muuguzi anayeajiriwa huulizwa mambo ya uuguzi na watu wa kazi hiyo. Kwa Uingereza kuna pia mtihani wa kompyuta na mtihani wa vitendo unaofanyika hukohuko Uingereza, na kipimo cha Kiingereza. Wakala anayesema "hayo yote tumeshayamaliza" wakati kijana hajakaa kwenye chumba cha mtihani anakiri udanganyifu.

La nne ni vipimo vya afya. Kwa nchi za Ghuba vipimo hufanyika katika vituo vilivyoidhinishwa, na mtu hutolewa damu na kupigwa picha ya kifua. Ikiwa majibu yametoka na kijana hajachomwa sindano, majibu hayo ni ya kubuni. Hatari yake haiishii kwenye viza: mwenye kifua kikuu atasafiri bila kujua kuwa ni mgonjwa, na atakuja kugundua akiwa mbali na nyumbani.

La tano ni nakala. Cheti halisi na pasipoti visiachwe ofisini kwa mtu. Nakala inayotumwa iandikwe juu yake kwa kalamu: nakala kwa maombi ya kazi, jina la anayepelekewa na tarehe. Nakala safi za vyeti vya kweli ni bidhaa. Zinaweza kutumika kumtengenezea mtu mwingine utambulisho wa muuguzi.

Kwa kijana anayekwenda kufanya kazi za ndani, udereva au ulinzi, maswali ni hayohayo, na liongezwe moja: je, ubalozi wa Tanzania katika nchi hiyo umeuona mkataba?

Kazi ya mzazi ianzie kabatini

Uhakiki huwakwamisha pia watu wasio na hatia. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne kimepunguza jina la katikati, cha chuo kimeongeza la babu, na pasipoti ina herufi moja tofauti. Nyumbani hakuna anayejali. Kwa mhakiki wa Doha au London, hao wanaweza kuwa watu wawili.

Kurekebisha huchukua muda, na wakala wa kuwahi Jumatatu hustawi kwa watu waliochelewa. Mzazi anaweza kukaa na kijana wake mapema, wakavitandika vyeti vyote mezani na kulinganisha majina na tarehe herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa huhakikiwa RITA, vya sekondari NECTA, stashahada chuoni na NACTVET, na leseni kwenye baraza la taaluma. Pale jina linapopishana, hati ya kiapo au hati ya kubadili jina itafutwe sasa, si wiki ya safari. Na kila anakojitolea kijana, aombe barua yenye tarehe za kweli. Miezi minane iliyoandikwa vizuri ina thamani, na mwakani itakuwa miezi ishirini.

Aliyekwisha kulipa asijifungie ndani kwa aibu. Ujumbe, namba za simu na miamala vihifadhiwe bila kufutwa, na taarifa ipelekwe polisi. Ikiwa kijana ameshasafiri na amenyang'anywa pasipoti au anazuiwa kutoka, hilo linaangukia Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, na ubalozi ujulishwe mara moja.

Morogoro, Alhamisi asubuhi, mama alimpigia kaka yake.

"Kaka, huyo mtu wako unamjua kwa sura?"

"Hapana, dada. Nami nilitumiwa tu."

Binti alimwandikia wakala kwamba yuko tayari, ila barua iseme miezi minane, na anaomba namba ya kibali cha kampuni na jina la mtu wa hospitalini wa kuzungumza naye. Alijibiwa kwamba watu wenye maswali mengi huchelewa kufanikiwa. Jioni picha ya wakala ilikuwa imetoweka kwenye WhatsApp, na meseji zikawa na tiki moja.

Jumatatu alirudi kituoni kujitolea. Hana furaha, na mama yake hamlazimishi awe nayo. Kiwanja cha Kihonda bado kipo. Mwenzake waliyesoma darasa moja alikuwa ameshatuma milioni 2 za kwanza wiki iliyotangulia, na wazazi wake hawajaambiwa mpaka leo.

Mama aliposikia hilo, alimwambia binti yake: "Mwambie aje hapa nyumbani kwanza, mwanangu. Tutakwenda naye kwa wazazi wake."