Mchoro wa Mpaka Uanze na Mwenye Kapu

Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta wa Kenya na Yoweri Museveni wa Uganda walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Kabla yake lori lilisimama mara mbili, likitoka Kenya na likiingia Uganda. Siku hizi husimama mara moja, katika nchi linakoingia, ambako maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Malaba, mpakani wilayani Tororo, Uganda, mtindo ni huohuo.

Kituo kingeweza pia kujengwa juu ya mstari wa mpaka wenyewe, au chote ndani ya nchi moja. Kwa mji uliobanana pande zote mbili kama Busia, uamuzi wa kuweka kituo kila upande ulikuwa wa busara.

Kasoro iko kwingine. Wanaopanga mabadiliko haya huchora safari ya karatasi: tamko la forodha, ukaguzi, muhuri, geti. Mchoro huo humwona dereva na wakala wa forodha. Mama mwenye kapu la nyanya haumwoni. Jumuiya ya Afrika Mashariki imemwekea utaratibu mwepesi kwa bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000, lakini asiyeelezwa ataendelea kupita njia za panya, na huko hana wa kumtetea akinyang'anywa mzigo.

Na hata badiliko dogo lina gharama: mwaka 2020 upimaji wa korona uliongeza hatua moja tu, na foleni ya malori Malaba ikanyooka kilomita nyingi.

Kabla ya kubadili mfumo tena, maofisa watembee na wachuuzi na bodaboda kutoka sokoni hadi getini, penseli mkononi, wachore upya.