Chumba kina kamera ya kisasa, mbona wewe wa nyumbani husikii kitu?

Hebu nikuulize. Umewahi kuingia mkutano wa video kutoka keja yako, simu umeiegemeza kwenye chupa ya maji, halafu upande wa pili unaona meza ndefu, vichwa vidogo kama njugu vimepangwa kandokando, na anayezungumza humjui ni yupi?

Mimi nimewahi, na ilinigharimu kazi. Mwaka 2022 niliitwa mahojiano ya kuandika makala kwenye kampuni moja hapa Nairobi. Jopo la watu sita, wote ndani ya chumba, mimi peke yangu kwenye simu. Aliyekaa karibu na skrini nilimsikia sawasawa. Wa mwisho wa meza alikuwa kama mtu anayeongea ndani ya tangi la maji. Aliniuliza swali, nikakisia, nikajibu kuhusu mitandao ya kijamii. Kumbe alikuwa ameuliza kuhusu mshahara ninaotarajia. Walicheka kidogo, kicheko nikakisikia vizuri tu. Sikupigiwa tena.

Nilidhani shida ni bando yangu. Mwaka uliofuata ndio nikapata kibarua na fundi anayefunga vifaa vya mikutano kwenye maofisi ya Westlands na Upper Hill. (Chuo nilikuwa nimeacha mwaka wa pili, karo ilinishinda. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.) Kazi yangu ilikuwa kuvuta waya darini, na huko juu ya ngazi nikajifunza kwamba bando yangu haikuwa na hatia.

Sikiza. Kampuni ikiamua kununua vifaa vya chumba cha mikutano, kitu cha kwanza bosi anauliza ni kamera. Anataka ile inayogeuka yenyewe kumfuata anayeongea. Inapendeza, si uongo. Maikrofoni hakuna anayeiuliza. Mara nyingi imo ndani ya kile kipande kirefu kinachobandikwa chini ya runinga, kwenye ncha moja ya meza ya watu 14. Sasa sauti ina tabia yake: kila umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayofika kwenye maikrofoni inashuka kwa desibeli 6 hivi. Wakati huo kuta za vioo na sakafu ya vigae, ambazo ndizo fasheni ya ofisi zetu, zinarudisha mwangwi bila huruma. Ukikaa mbali, maikrofoni inapokea mwangwi mwingi kuliko maneno yako. Dawa yake si ghali vile: zulia, pazia, na maikrofoni nyingine katikati ya meza au darini. Lakini jaribu kumwambia mtu aliyetoka kulipia kamera kwamba chumba chake kinahitaji pazia.

Kuna na hii ya laptopu. Mtambo wa chumba unajua ni sauti gani unaitoa kwenye spika zake, kwa hivyo unaiondoa kwenye kile maikrofoni inachosikia, ndiyo maana wewe wa nyumbani husikii maneno yako yakikurudia. Sasa mtu mmoja mle ndani akifungua mkutano huohuo kwenye laptopu yake bila kuzima sauti, mtambo unapokea sauti ya spika usiyoijua. Chumba kinalia kama matatu ya Rongai ijioni.

Tusiwe wachoyo wa sifa lakini. Vifaa hivi vikifungwa vizuri ni raha. Unaingia, unagusa kitufe kimoja kwenye kile kibao cha mezani, mkutano umeanza. Hakuna kutafuta adapta, hakuna dakika 20 za "mnanisikia? mnanisikia?" Nimeona mzee wa miaka 60 na kitu, ambaye hata WhatsApp anaandikiwa na mjukuu, akianzisha mkutano mwenyewe na kuketi akitabasamu.

Shida inaanza chumba kikiwa kimetengenezewa Microsoft Teams na mteja ametuma linki ya Zoom. Vifaa vingi siku hizi vinaweza kuingia kwa jirani kama mgeni, lakini lazima anayevisimamia awe ameruhusu hilo kwenye mipangilio. Na anayevisimamia ni nani? Aliacha kazi mwaka jana, akaondoka na nywila kichwani. Basi anaitwa mwanagenzi. Msee wa miezi mitatu, halipwi hata nauli, anasimama mbele ya wakurugenzi akitokwa jasho kwa kosa lisilo lake. Kama umewahi kuwa huyo mwanagenzi, pole sana ndugu yangu.

Stima ikipotea ni sinema nyingine. Unakuta betri ya akiba inashikilia ruta, lakini runinga imechomekwa kwenye laini ya kawaida. Intaneti iko, sura hazipo. Na kuna siku pesa hazisaidii kabisa: Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, aliye kwenye chumba cha mamilioni na aliye kwenye cyber ya Roysambu wote waliganda pamoja.

Halafu kuna umri wa vitu hivi. Google walianza kuuza Jamboard, ubao mkubwa wa kidijitali wa mikutano, mwaka 2017 kwa dola 4,999. Oktoba 1, 2024 wakaacha kuuhudumia. Kioo bado kizima, lakini programu zilizoufanya uwe na maana zimeondolewa. Kwa hivyo ukitumwa kuulizia bei, uliza pia kitahudumiwa hadi mwaka gani. Swali hilo huwafanya wauzaji wengi kukohoa.

Lakini kinachoniuma si vyuma. Ni nani anakaa upande gani. Anayechagua vifaa, anayevilipia na anayevijaribu wote wako ndani ya chumba. Fundi anaunganisha, bosi anaona sura yake kwenye skrini, hundi inaandikwa. Upande wa pili tuko sisi: wa kandarasi, wa tawi la Kisumu, anayetafuta kazi. Na si ofisini pekee. Tangu corona iingie 2020, mahakama zetu zimekuwa zikisikiza kesi kwa video, mahabusu akiwa gerezani anatazama skrini. Neno likipotea hapo, si mshahara linaondoka nao.

Fundi wangu aliwahi kujaribu kitu tofauti. Alinituma nje kwenye maegesho nijiunge kwa simu, kwa bando yangu, yeye azunguke akiketi kila kiti na kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, sawa. Kiti cha 11 na cha 12, kimya, ni mvumo tu. Nikarudi nikamwambia meneja wa ofisi viti viwili havisikiki, maikrofoni moja zaidi itamaliza. Akaniangalia akasema: "Hapo hukaa wale wadogo. Hata hawaongei sana."

Maikrofoni haikununuliwa.

Ukiwa na mahojiano wiki hii, fanya nilichoshindwa kufanya. Kabla hawajaanza, waambie kwa heshima: "Namsikia aliye karibu na skrini pekee, naomba kila mmoja aseme jina lake nione kama nawasikia." Hawatakasirika. Wengi wao hawajui. Wasiposikika, waombe wasogee au wakupigie simu ya kawaida, na swali usilolisikia usilijibu.

Fundi bado hunipigia kazi ikipatikana. Mwezi uliopita tulikuwa Upper Hill tena, meza ya watu 16, vioo kila upande. "Toka nje, jiunge," akaniambia. Nikashuka, nikasimama kando ya mama wa mahindi choma, simu sikioni, nikaanza kuhesabu viti.