Kampuni Haina ZanID

Vijana wenzangu, mwaka 1888 Sultani Khalifa aliikodisha kampuni ya Kijerumani mwambao wa bara. Kampuni ikapandisha bendera yake Pangani, ikataka ushuru. Bushiri bin Salim aliyepinga akaishia kitanzini 1889. Wananchi waliulizwa? Thubutu!

Leo lugha imebadilika, inaitwa uwekezaji. 2021 Serikali ilitangaza kukodisha visiwa vyetu vidogo. Wavuvi wanaopiga dago huko waliulizwa na nani?

Tuelewane. Kampuni iwe na haki zake: imiliki mali, idai deni, iende mahakamani. Hilo hatuna ugomvi nalo. Lakini siasa ni ya watu. Marekani, mwaka 2010, Mahakama Kuu iliruhusu kampuni kumwaga fedha kwenye uchaguzi, ati nazo zina uhuru wa kusema. Mwaka huohuo, Julai 31, Wazanzibari tulipiga kura ya maoni kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kampuni gani ilipanga foleni pale?

Kijana wa Mtoni anazungushwa kwa sheha akitafuta ZanID ili aandikishwe kupiga kura. Je, mwekezaji naye huzungushwa hivyo akimtaka waziri?

Tunadai mawili. Mikataba ya ardhi na visiwa ipelekwe Baraza la Wawakilishi kabla ya kusainiwa. Na kampuni zisichangie chama chochote, hata chetu.

Kampuni ikipata hasara hufunga virago ikenda kwengine. Sisi tuko hapahapa.