Dafu Si Nazi Iliyoshindwa

Bwana mmoja aliniomba nimwandikie, kwa Kiswahili, ukurasa wa maelezo ya wiski mpya ambayo angewaonjesha wageni wake, wenzetu wa Afrika Mashariki waishio Uskoti. Niliandika, nikapeleka. Siku ya pili ukurasa ukarudi na mstari mmoja chini yake: "Kazi nzuri, lakini Kiswahili hakina maneno ya mambo haya, afadhali tuweke Kiingereza." Bwana huyu ni Mswahili wa kuzaliwa, msomi, tena ananizidi umri, kwa hiyo barua yangu kwake ilikuwa ya adabu na fupi. Jibu lenyewe naliweka hapa, kwa sababu kauli yake si yake peke yake. Nimeisikia kwa waalimu, kwa wafasiri na, la kusikitisha zaidi, kwa washairi.

Wiski yenyewe ni ya Lindores Abbey, kiwanda kilichoko Newburgh katika jimbo la Fife. Kilianza kukeneka Desemba 2017, na wiski yake ya kwanza ikauzwa 2021. Chupa niliyoonja imepewa jina MCDXCIV, yaani 1494 kwa tarakimu za Kirumi. Katika hesabu za Mfalme James IV za wakati huo kumeandikwa kimea alichopewa mtawa John Cor ili atengeneze kile walichokiita kwa Kilatini maji ya uhai, na mtawa huyo huhusishwa na abasia ya Lindores, ambayo magofu yake yako ng'ambo ya barabara tu. Kiwanda cha juzi kimejivika joho la karne tano. Sikilaumu, ila joho nililiweka kando nikaonja kinywaji.

Najua wasomaji wengi wa ukumbi huu hawatii kileo kinywani, na sina nia ya kuwashawishi. Ninalotetea hapa ni lugha, na lugha yetu wanaigawana wanywao na wasiokunywa.

Tuanze na lile aliloliona gumu kuliko yote: jina la aina ya wiski hii. Ni wiski ya kimea cha shayiri peke yake, iliyotengenezwa katika kiwanda kimoja na kukenekwa katika mitungi ya shaba. Ugumu uko wapi? Aliyekulia karibu na chungu cha togwa anajua kimea ni nini: nafaka hulowekwa, huachwa ichipue, hukaushwa, husagwa. Wakina bibi wa Bara hufanya hivyo kwa mtama na ulezi. Waskoti hufanya kwa shayiri. Na "kukeneka" ni neno la kamusini, ambalo bwana wangu alilipigia mstari mwekundu akaandika pembeni "kudistili". Tazama jinsi umaskini unavyotengenezwa. Neno lililopo hufutwa, la kukopa huwekwa mahali pake, kisha lugha hulaumiwa kwa kukopa.

Na hao tunaowakopa, je? Jina "wiski" limetoka katika Kigaeli, katika maneno mawili yenye maana ya maji ya uhai. Kiingereza kililichukua la kwanza na kuliacha la pili, kwa hiyo kila atamkaye neno hilo kwa madaha anasema "maji". Ama ule msamiati wa harufu anaousujudia bwana wangu, hao wenyewe hawakuzaliwa nao. Mwaka 1979 watafiti wa Pentlands, huko huko Uskoti, walichapisha gurudumu la harufu na ladha za wiski ili wataalamu waache kupishana maneno. Wiski ilikuwa na karne kadhaa. Istilahi zake zilizokubaliwa zilikuwa changa kuliko mimi. Walikaa, wakanusa, wakaafikiana. Kilichowapa maneno ni kazi, na kazi hiyo hatukukatazwa.

Sasa niseme nilichonusa. Kwanza togwa, ule utamu wa kimea kibichi ambao wiski za miaka mingi huwa zimekwisha kuusahau. Kisha ndizi iliyoiva hadi ganda likaanza madoa. Kisha nazi iliyokunwa, na nyuma yake karafuu. Hapo bwana wangu alicheka, akidhani nimeipaka wiski ya watu rangi ya Pwani. Asingecheka angejua mapipa yanavyofanya kazi. Mwaloni una yuginoli, kiini kile kile kinachoipa karafuu harufu yake. Na mwaloni wa Marekani hasa una laktoni zinazonukia nazi. Nazi na karafuu hazimo humo kwa tashbihi. Zimo kikweli, na kama kuna pua zilizolelewa kuzitambua ni hizi zetu za Tanga, Pemba na Lamu. Yeye alitaka niandike tunda la vichaka vya Ulaya ambalo wengi wa wageni wake hawajapata kulitia kinywani.

Kinywani iliingia kwa joto, lakini haikuunguza koo. Imeachwa katika asilimia 46, ilhali sheria ingeiruhusu kushuka hadi 40. Mgema huyu amesifiwa na bado hakulitia tembo maji mengi. Utamu wake unafuatwa na ugwadu mdogo, kama wa embe ambalo bado siku mbili liive, na mwishoni unabaki ukakasi juu ya meno, ambao nadhani umeletwa na mapipa yaliyowahi kuweka mvinyo. Mwisho wenyewe ni mfupi. Ningependa ukae zaidi. Ugwadu, ukakasi, uchachu, uchungu, ukali. Na kwa kilichokosa ladha tuna chapwa na dufu, na kwa kilichofika tuna kukolea. Naomba aliyesema hatuna maneno anitajie kwa Kiingereza neno moja, moja tu, lililo sawa na ukakasi.

Lakini ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya umri. Niliandika "wiski changa". Akasema changa ni la mtoto, litawafanya wageni wadhani wamepewa kitu kisicho tayari. Hapo nilihuzunika kweli, kwa maana hapo ndipo lugha yetu inapoona mbali kuliko ile aliyotaka kuikimbilia. Sheria inadai wiski ya Uskoti ikae katika pipa la mwaloni lisilozidi lita 700 kwa muda usiopungua miaka 3. Baada ya hapo Kiingereza kina changa na kina zee, na mabishano yasiyokwisha kuhusu lipi ni sifa na lipi ni aibu. Sisi tunda la mnazi tunalihesabu kwa hatua: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Hakuna mtu wa Pwani ashikaye dafu akalilaumu kwamba halitoi tui. Dafu lina wakati wake na watu wake, na atakaye tui hangoji chini ya dafu, hutafuta nazi. Wiski hii ya Newburgh ni dafu. Haikujaribu kuwa nyingine, na ndiyo sababu niliipenda.

Koroma ndilo la kuogopwa, lile ambalo maji yake yamepungua utamu na nyama yake haijafaa kukunwa. Nimeonja wiski za namna hiyo kutoka viwanda vipya vingine, ambavyo sivitaji. Wenyewe waliuonea haya uchanga wa kinywaji chao, wakakisukumiza katika mapipa madogo mno au yaliyolowa mvinyo kupita kiasi, ili mti ukifiche. Rangi ikawa ya mzee, harufu ya seremala, na ndani pombe bado inapiga kelele. Kwa neno moja, koroma, Mswahili angeyaeleza yote hayo, na msikilizaji angetikisa kichwa kabla sentensi haijaisha.

Nimemrudishia bwana wangu ukurasa ule ule. Kukeneka limo, ukakasi umo, togwa imo. Nimebadilisha mahali pamoja tu: palipoandikwa "wiski changa" sasa pameandikwa "wiski iliyo katika udafu wake". Wageni wanakuja Jumamosi.