Wacheni Kuabudu Leica

Jumamosi moja tulikutana tao, wapiga picha kama kumi hivi, kila mtu na kamera yake ya filamu. Msee mmoja akaitazama Praktica MTL 3 iliyoning'inia shingoni mwangu, akacheka. "Hiyo ni ya watu waliokosa pesa ya Leica." Mbogi yote ikacheka. Na mimi nikacheka, kwa aibu. Leo sicheki.

Leica ina heshima yake, sibishi. Mwaka 1925 kampuni ya Leitz ya Wetzlar ilianza kuuza kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema ya milimita 35, na upigaji picha ukabadilika. M3 ya 1954 ni chombo kizuri ajabu. Lakini mnavyosimulia historia ya kamera za Kijerumani, ni kana kwamba ilianza na kuishia Wetzlar. Dresden mmeisahau.

Kwa Leica hizo unachungulia kupitia kidirisha kilicho kando ya lenzi. Watu wa Dresden walitaka uone kile lenzi yenyewe inachokiona. Kampuni ya Ihagee ikatoa Kine Exakta mwaka 1936. Mwaka 1939 KW wakatoa Praktiflex, ambayo uliishika kifuani ukaiinamia, na picha ukaiona kulia imekuwa kushoto. Februari 1945 mabomu yakauteketeza mji. Kufikia 1949 mji huohuo ulikuwa umetoa Contax S, yenye prizimu ya kuinyoosha picha ili uitazame usawa wa jicho, na Praktica, mrithi wa Praktiflex. Zote mbili zilifunga lenzi kwa skurubu ya milimita 42. Pentax ya Japani ikaja kuichukua skurubu hiyo mwaka 1957. Hata jina lenyewe, Pentax, lilitoka Dresden.

Praktica nayo haikulala. Mwaka 1959 ikapata prizimu yake ya kudumu. Mwaka 1969 ukaja ukoo wa L, wenye shata ya chuma, na mmoja wao, LLC, ulipashana habari na lenzi kwa umeme. MTL 3 yangu ni ya ukoo huo, ilianza kutengenezwa 1978. Mwaka uliofuata B200 ikaachana na skurubu kabisa. Kamera hizi ziliuzwa kwa mamilioni, hadi nchi za Magharibi, kwa bei ambayo mwanafunzi angeweza kuichangia. Ujerumani ilipoungana mwaka 1990, ikaamuliwa Pentacon, kampuni iliyozitengeneza, ifungwe.

Ndiyo, yangu ni nzito. Kioo chake kinapiga kelele kama mlango wa matatu. Lakini betri ikiisha, kinachokufa ni kipima mwanga tu. Shata inaendelea na kazi.

Mtaniambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sikubali. Kuna vizuri vilivyolazimika kutembea mpaka kwa maskini, kwa sababu maskini hana nauli ya kuvifuata dukani. Nikipima maendeleo ya kamera, nauliza swali moja: imewapa watu wangapi nafasi ya kujiwekea kumbukumbu? Kwa kipimo hicho, bana, Praktica haina haja ya kumwonea mtu aibu.

Shosho alifariki mwezi mmoja baada ya mimi kumpiga picha kwa hii "kamera ya waliokosa pesa." Filamu moja, picha 36: akichambua maharagwe, akinikemea, akicheka bila meno. Ningesema nisubiri hadi nipate pesa ya Leica, hadi leo ningekuwa nasubiri, naye keshaenda.

Kwa hivyo ewe mwenye M6 inayokaa kabatini isije ikachubuka, endelea kuipangusa. Na wewe uliyeona Praktica ikiuzwa mahali ukaona haya kuuliza bei, rudi ukaulize. Weka filamu, nenda nyumbani, uwapige picha watu wako wakiwa bado wapo.