Acheni Kuusingizia Uzee

Mzee akipotea njia ya kurudi nyumbani kutoka soko la Kimironko, Kigali, jirani humshika mkono akamrudisha, watoto wakashukuru, na hukumu ikatoka hapohapo: ni uzee. Akimwita binti yake kwa jina la dada yake marehemu, ni uzee. Akidai hajala ilhali sahani ingali mbele yake, uzee tena. Ukibisha, shangazi mmoja atakukata kauli: "Kwao ndivyo wanavyozeeka. Hata mama yake alikuwa hivyohivyo."

Nina ugomvi na shangazi huyo. Ameona jambo kubwa, kwamba maradhi yanafuata ukoo, kisha akaligeuza kuwa sababu ya kunyamaza. Wachunguzi wa jeni huhangaika miaka na miaka wakitafuta familia ya namna hiyo, yenye ndugu wawili au zaidi walioanza kupotewa na kumbukumbu baada ya kuvuka miaka 60.

Uzee wenyewe umeonewa. Nyamirambo wako wazee wa miaka 85 wanaokumbuka deni la baba yako hadi faranga ya mwisho. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea mnamo 2009 na 2010. Waliokuwa na demensia, yaani maradhi ya kupungukiwa na kumbukumbu na akili, walikadiriwa kuwa asilimia 6.4, na karibu nusu yao walibainika kuwa na aina yake iitwayo Alzaima. Anayesema hayo ni mambo ya kawaida ya umri atueleze hao wengine, zaidi ya tisa katika kila kumi, wamezeeka vipi. Na anayesema Alzaima ni ugonjwa wa Wazungu aende Hai.

Jeni nayo haisemi lugha moja kila mahali. Mwaka 1993 iligunduliwa kwamba aina ya e4 ya jeni iitwayo APOE huongeza hatari ya Alzaima ya uzeeni. Ulaya na Marekani uhusiano huo ni mkubwa. Ibadan, Nigeria, ambako Wayoruba walifuatiliwa tangu miaka ya 1990, mwanzoni haukuonekana kabisa. Ulikuja kujitokeza baadaye, kwa wenye nakala mbili za e4. Ni jambo zito kuliko linavyosikika. Dawa ya lecanemab, iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, inaweza kuvimbisha ubongo au kuvujisha damu ndani yake, hasa kwa wenye nakala mbili za e4, na watu weusi walioshiriki majaribio yake walikuwa wachache mno. Siku ikifika Kigali, daktari atasoma hatari ya nani?

Kwa hiyo familia kama hizo zichunguzwe hapahapa Rwanda. Wasomi wetu wana kisingizio chao cha kutofanya hivyo, kizuri kuliko cha shangazi: Rwanda haiwezi kuchora ukoo na wagonjwa wake, kwa kuwa koo zilikatwa na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Ni kweli zilikatwa, lakini hitimisho wanalolitoa hapo si sahihi. Ndugu aliyeuawa akiwa na miaka 35 haandikwi mgonjwa, wala haandikwi mzima. Anaandikwa kwa umri aliofikia, na jina lake linabaki kwenye mchoro. Atakayemfuta ili karatasi ipendeze ataharibu hesabu, na atakuwa amemfuta mara ya pili. Walio hai nao watafutwe Kampala, Bujumbura na Goma, maana waliokimbia machafuko ya mwaka 1959 hawakurudi wote.

Umri wa mukecuru, yaani bibi kizee, usisomwe kwenye kitambulisho tu. Aulizwe alikuwa wapi wakati wa njaa ya Ruzagayura ya 1943 na 1944, na alikuwa mkubwa kiasi gani Mwami (mfalme) Rudahigwa alipofariki mwaka 1959. Asiyewahi kukaa darasani apimwe kwa kipimo kinachomfaa, kama kile kilichotengenezwa Hai, ambacho humtaka mtu apange njiti za kiberiti kufuata mfano. Na mzee anayejificha nyuma ya mlango kila Aprili, mwezi wa kumbukumbu ya mauaji, akisema wauaji wanakuja, ana ihahamuka (kiwewe cha mauaji), ana demensia, au vyote viwili? Hapo dodoso halitoshi. Anahitajika daktari anayemrudia.

Kuna hofu moja ninayoiheshimu. Nchi hii iliwahi kuandika kabila kwenye vitambulisho, na vitambulisho hivyo vikaua. Kuomba damu na majina ya mababu kwa pamoja si ombi dogo. Basi kabila lisiulizwe popote, sampuli zitunzwe Kigali, na sheria ya 2021 ya kulinda taarifa binafsi ifuatwe neno kwa neno. Lakini hofu isigeuke katazo. Profesa Leon Mutesa wa Chuo Kikuu cha Rwanda na wenzake walikwisha kuchunguza damu ya akina mama waliokuwa wajawazito wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, pamoja na damu ya watoto waliowazaa. Kama hilo liliwezekana, kumbukumbu za wazee haziwezi kuwa mwiko.

Kilichobaki ni fedha, na hapa wafadhili nao wanahitaji kusemwa. Katika Alzaima ya uzeeni, dada wa mgonjwa, mwenye miaka 64, anayejibu maswali yote leo bado hajathibitika kuwa salama. Inabidi kumrudia akiwa na 70, akiwa na 76. Mradi wa miaka mitatu utamwandika mzima, utachapisha makala yake na kufunga ofisi. Wizara ikiletewa mradi wa namna hiyo, iurudishe ukiwa na bajeti ya miaka 15, na mshahara wa muuguzi atakayebisha hodi kwa dada huyo uandikwe mstari wa kwanza.