Andika tarehe kwenye pakiti ya chumvi

BARAZANI na Salum Kondo

Mwezi uliopita nilikwenda Marui, Kisarawe, kumjulia hali mama mdogo. Tukaandaliwa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Kabla sijatia tonge mdomoni, mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kopo la chumvi. Mama mdogo akanitazama, kisha akasema taratibu: "Baba, hata hujaonja."

Neno lile lilinikaa njia nzima ya kurudi. Mtu mzima, anayewaandikia wenzake kila wiki, aliyeshaambiwa na daktari kwamba presha yake imeanza kupanda, anatia chumvi kwenye mboga asiyojua kama imekolea. Nilikuwa najua kila kitu. Mkono ndio ulikuwa haujaambiwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na matangazo yetu mengi ya afya. Yanatuhubiria kana kwamba tunachougua ni ujinga. Nani leo hajui presha na sukari? Hakuna msiba tunaokwenda ambako halitajwi moja ya hayo mawili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, karibu mmoja katika kila wanne ana presha ya juu. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, akazindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Mimi nilinunua raba. Jumamosi ya kwanza nilitoka, ya pili nilitoka, ya tatu ikawa na harusi, ya nne mvua. Raba sasa anazivaa mpwa wangu, na zimemkaa vizuri kuliko mimi.

Mama mdogo ana kisa kingine. Mwaka 1973 alikuwa mama kijana wa watoto wawili. Mwaka ule Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Redio Tanzania Dar es Salaam ziliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa majuma 12. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikusanyika katika vikundi, redio moja katikati, wakasikiliza habari za malaria, kichocho na safura. Kipindi kikiisha, redio inazimwa, kijitabu kinasomwa kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, na mjadala unaanza: sisi hapa tufanye nini?

Nilimuuliza anakumbuka kipindi gani. Hakumbuki hata kimoja. Anakumbuka shimo. Kikundi chao kilikubaliana kila nyumba ichimbe choo, na mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kesho. Kesho ile iliendelea mpaka shimo la jirani lilipofika kifuani, na jirani mwenyewe akawa anaimba humo ndani. "Siku ileile baba yako akaenda kuazima sururu," mama mdogo akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Ukitaka kujua kwa nini kampeni ile ilichimba vyoo kwa maelfu, sehemu kubwa ya jibu imo kwenye wimbo wa yule jirani. Kulikuwa na siku maalumu ya kukutana, kulikuwa na watu wanaokujua kwa jina, na kulikuwa na kazi ambayo ukiifanya inaonekana na usipoifanya inaonekana zaidi. Azimio la mtu peke yake, analoliweka usiku wa mwaka mpya akiwa ameshiba pilau, halina hata kimoja katika hivyo.

Lakini tusijidanganye kwamba ni kazi ileile. Choo unachimba mara moja. Chumvi unaitia leo mchana, leo usiku, kesho tena, na hakuna jirani anayehesabu. Presha haina shimo la kuchungulia. Ndiyo maana niliporudi nyumbani nikatafuta namna ya kuifanya ionekane, na nikaipata kwenye pakiti.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, tena hapo imo ya mkate na ya chipsi za njiani. Nyumbani kwangu tuko sita. Sita mara tano ni gramu 30. Pakiti ya nusu kilo, basi, inapaswa kutufikisha siku 16 na ushee. Nikachukua kalamu nikaandika tarehe juu ya pakiti mpya, sikumwambia mtu. Ilikwisha siku ya tisa. Mke wangu alipoiona ile tarehe na kusikia hesabu, alinyamaza kidogo, kisha akaliondoa kopo mezani akaliweka kabatini, rafu ya juu. Hatukukatazana kitu. Anayetaka chumvi ainuke akaifuate. Mpaka sasa hakuna aliyeinuka zaidi ya mara mbili, na mmoja wa walioinuka ni mimi.

Kuhusu mazoezi nitakuwa mwangalifu, maana Marui nilipoyataja binti mmoja aliyekuwa anatoka shamba na jembe begani aliniuliza, "Mazoezi gani tena, kaka?" Sikuwa na jibu. Dakika 150 kwa wiki zinazopendekezwa kwa mtu mzima, yeye huzimaliza Jumatatu. Anayehitaji kuhubiriwa ni kijana wa bodaboda anayekaa juu ya tandiko toka alfajiri, chakula chake chipsi mayai na kinywaji cha kuongeza nguvu, na mimi ninayempanda kwa safari ya dakika kumi za miguu. Huku Kibaha na Dar es Salaam vikundi vya joging vimelielewa hili. Fulana za rangi moja, wimbo, faini kwa asiyetokea. Wengine huwacheka kwamba wanafuata supu ya baada ya mbio. Wacha wafuate supu. Mradi wanafika.

Na kichwa nacho kina mazoea yake. Wanaume wengi ninaowajua hulala na simu chini ya mto, wakishtuka saa nane za usiku wanaangalia kama mkeka wa kubeti umechanika. Asubuhi wanasema wana mawazo. Mama mdogo hana simu ya kupangusa. Kila alasiri huvuka kwenda barazani kwa jirani, wanachambua mboga na kusengenya kwa kiasi. Siku asipoonekana, kabla ya magharibi mtu ameshabisha hodi kuuliza kulikoni. Sijui dawa ya kuuzwa inayoweza kushindana na hodi hiyo.

Mwaka 2024 Wizara ya Afya iliirudisha kampeni ya Mtu ni Afya kwa awamu ya pili. Ombi langu kwao na kwenu ni moja: msianze kwa mabango. Vikundi tayari tunavyo. Karibu kila mtaa una kikoba kinachokutana kila wiki, siku ileile, chini ya mwembe uleule, na daftari linalojua nani amechelewesha marejesho. Changeni mnunue mashine moja ya kupimia presha. Kabla ya kuhesabu hisa, kila mtu anyooshe mkono, namba iandikwe kwenye daftari hilohilo, na mwenye namba mbaya asindikizwe zahanati na mwenzake. Kikoba cha mke wangu kimekubali, wanaanza Jumapili ijayo.

Kwangu pakiti ya sasa ina tarehe 3. Leo ni tarehe 14, na chumvi imebaki zaidi ya robo.